Mjadala: Wanamieleka wa WWE (ile kampuni ya mieleka ya Marekani) wawe waajiriwa wenye chama chao, au waendelee kuitwa watu wa kujitegemea?

Mtoa mada, Mombasa

Wakuu, habari za saa hizi. Naomba tulijadili hili kwa utulivu, maana limenikaa moyoni muda mrefu.

Alfajiri ya tarehe 14 Desemba 2025 niliamka saa kumi kasoro, nikaketi sebuleni na kijana wangu wa miaka kumi na mmoja. Taa tumezima mama yake asiamke, simu tumeiegemeza kwenye kopo la sukari. Kule Washington ilikuwa bado Jumamosi usiku, na John Cena alikuwa anapigana pambano lake la mwisho. Mpinzani wake, Gunther, akampiga kabali, akaishikilia, hadi Cena akagonga mkono, yaani akakubali kushindwa. Mtu aliyejijengea jina kwa kutokata tamaa, miaka zaidi ya 20, siku ya mwisho akagonga. Kijana alilia na sikumkanya.

Alipotulia akaniuliza, "Sasa atapata pensheni kama babu?" Babu yake alistaafu kazi ya bandari, na kila akienda kuchukua pesa zake mjukuu hakosi kitu. Nikamjibu kwamba Cena ana hela za filamu, hana shida. Lakini kijana hakuuliza kama Cena ana shida. Aliuliza kuhusu haki ya mtu aliyefanya kazi.

Ukweli ni huu. Mwanamieleka wa WWE, kwenye karatasi, si mwajiriwa. Anasaini kama mtu anayejitegemea, sawa na fundi uliyemwita aje kukupakia rangi nyumba. Sasa tazameni anavyojitegemea. Kampuni inamwambia leo uko mji gani, unaingia saa ngapi, unavaa nini, unatamka nini kwenye kipaza sauti, unapigana na nani na nani ashinde. Mara nyingi hata jina analotumia ni mali ya kampuni. Hawezi kwenda kupigana kwingine bila ruhusa. Mwaka 2020 walizuiwa hata kujitafutia vijisenti kwenye mitandao ya Twitch na Cameo. Zelina Vega aliachishwa tarehe 13 Novemba mwaka huo, siku ileile alipoandika mtandaoni kwamba anaunga mkono chama cha wafanyakazi. Baadaye walimrudisha, lakini kila mtu aliona.

Ukiumia ulingoni kampuni inalipa matibabu, hilo tuliseme wazi tusije tukawaonea. Lakini bima ya afya ya kawaida, ya mtoto akipata homa, ya figo, ya meno, ya uzee, unajitafutia mwenyewe. Na hiyo ni Marekani, nchi ambayo hospitali inaweza kukufilisi.

Linaniuma kwa sababu niliwahi kuwa mahali pao, kwa kiwango changu. Nilicheza sarakasi miaka sita kwenye mahoteli ya pwani. Tulikuwa vijana tisa. Mimi nilikuwa mtu wa juu kwenye piramidi, kwa vile nilikuwa mwepesi. Usiku mmoja mtu wa katikati alitereza, jasho lilikuwa limemwingia machoni, nikashuka kwa mkono wa kushoto juu ya saruji pembeni mwa bwawa la kuogelea. Watalii walipiga makofi wakidhani ni sehemu ya mchezo. Meneja alikuja nyuma ya jukwaa, akatazama mkono, akasema, "Poleni sana. Lakini nyinyi si watu wetu, nyinyi ni kundi tumelikodi." Tulikuwa tumecheza pale kila Jumanne na Ijumaa miaka miwili, kwa fulana zenye nembo yao, kwa ratiba yao.

Kwa hiyo nikisikia mtu anaitwa "wa kujitegemea" wakati hana uhuru wa kuchagua hata rangi ya chupi ya kupigania, najua neno hilo limewekwa pale kwa kazi gani.

Na pesa si kwamba hazipo. Netflix wameahidi zaidi ya dola bilioni 5 kwa miaka 10 ya Raw, kipindi chao cha kila wiki, kuanzia Januari 2025. ESPN nao wameingia kwa dola bilioni 1.6 kwa miaka mitano ya yale maonyesho makubwa. Tangu Septemba 2023 WWE iko chini ya mwavuli mmoja, kampuni ya TKO, pamoja na UFC, ile ya mapigano ya kweli. Nauliza: je, si wakati wa watu hawa kuwa waajiriwa na kuwa na chama?

Mchangiaji, Dar es Salaam

Mkuu, pole kwa mkono. Lakini nitakupinga, na nakupinga kwa nia njema.

Wewe hotelini mlipewa mkataba wa mdomo, bila shaka. Hawa wanasaini mkataba wa kurasa nyingi, wengi wana mawakili, na wanajua wanachosaini. Wanapata kiwango cha chini kilichohakikishwa hata wasipopangwa kupigana, na juu yake mrabaha wa fulana na vikaragosi. Nitajie kibarua wa hapa kwetu anayelipwa akiwa amekaa nyumbani.

Pili, kujitegemea kuna faida ambayo huisemi. Cody Rhodes aliona hapewi nafasi, akaondoka 2016. Akazunguka dunia nzima, akashiriki kuanzisha kampuni pinzani ya AEW mwaka 2019, akajipandisha thamani. Mwaka 2022 akarudi WWE kwenye WrestleMania, onyesho lao kubwa kuliko yote, kama mfalme, na Aprili 2024 akachukua mkanda mkubwa wa ubingwa. Angekuwa mwajiriwa wa pensheni angeng'ang'ania pale pale akingoja miaka ifike. Mieleka ni kazi ya kujijenga. Ushindani ndio dawa. Tangu AEW ije, mishahara imepanda bila chama chochote.

Tatu, na hili ndilo kubwa kwangu: chama kitaharibu sanaa. Kesho chama kitasema fulani ana miaka 15 kazini, apewe mkanda kabla ya kijana wa miaka miwili. Nani atatazama hiyo?

Mchangiaji, Dodoma

Mimi nauliza tu jambo moja. Si ni maigizo haya? Mshindi anajulikana kabla. Sasa mnatetea haki za wachezaji wa mchezo usio mchezo?

Mtoa mada, Mombasa

Ndugu wa Dodoma, umenipa kisu kwenye mpini, ahsante.

Ndiyo, mshindi anajulikana. Waliolisema hilo kwa sauti kubwa kuliko wote ni wenye kampuni. Mwaka 1989 walikwenda mbele ya Baraza la Seneti la jimbo la New Jersey wakaeleza kwamba mieleka yao ni burudani, si mashindano. Walitaka waondolewe usimamizi wa tume ya michezo pamoja na kodi iliyokwenda nayo, na wakafanikiwa.

Vizuri. Kama ni burudani, basi tuwatendee kama watu wa burudani. Marekani mtu anayeruka kutoka ghorofani kwenye filamu kwa niaba ya mwigizaji ana chama, SAG-AFTRA. Chama kinaweka malipo ya chini, kinasimamia usalama kazini, kina mpango wa bima kwa anayefikisha kiwango fulani cha kipato. The Rock, Batista na Cena mwenyewe, wakianguka kwenye seti ya filamu wameanguka chini ya mkataba wa chama. Wakianguka ulingoni, mbele ya kamera vilevile, kwa mwisho uliopangwa vilevile, hakuna chama. Mwili ni uleule, mgongo ni uleule.

Tume ya michezo ikija, wanasema sisi ni waigizaji. Chama cha waigizaji kikisogea, hawa ni watu wa kujitegemea. Hapo ndipo naona wamewaacha watu kwenye mpaka wa nchi mbili, hakuna hata moja inayowakubali.

Na wa Dar, nikujibu la tatu kwanza kwa kuwa limeniangukia mkononi lenyewe. Chama cha waigizaji hakichagui nani awe nyota wa filamu. Hakijawahi. Kinasema tu: yeyote utakayemchagua, mlipe angalau kiasi hiki, usimfanyishe kazi zaidi ya saa hizi, na akiumia kuna utaratibu. Mkanda apewe nani, hiyo ibaki kazi ya mtunzi wa hadithi.

Mchangiaji, Nairobi

Naomba niingie hapo kwa "maigizo". Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo, nimehudumia wachezaji wa raga na mpira kwa miaka mingi, na nimekuwa nikitazama mieleka tangu nikiwa msichana mdogo nikigombania rimoti na kaka zangu.

Mshindi hupangwa, lakini mvuto wa ardhi haupangwi na mtu. Ule ulingo chini yake kuna mbao na vyuma, juu wameweka godoro jembamba na turubai. Mtu akianguka vizuri, yaani mgongo wote kwa pamoja, kidevu kimebanwa kifuani, ile nguvu inatawanyika lakini haipotei. Mara moja si kitu. Mara kumi kwa usiku, usiku mia kwa mwaka, miaka kumi, mimi nikishika shingo ya mtu kama huyo najua bila kuambiwa.

Tarehe 11 Machi 2022 Big E alirushwa nje ya ulingo kwa namna ambayo wamerusha watu maelfu ya mara. Akatua kwa utosi. Mifupa miwili ya shingo ikavunjika, wa kwanza na wa sita. Ule wa kwanza, ndugu zangu, ndio unaobeba fuvu. Kwamba anatembea leo ni rehema ya Mungu. Hajarudi ulingoni. Big E ni yule mwenzake wa Kofi Kingston, mzaliwa wa Ghana, ambaye alitutoa machozi alipotwaa mkanda 2019.

Juni mwaka huohuo 2022, Cody Rhodes mnayemtaja alipigana msuli wa kifua ukiwa umekatika. Alivua koti, upande mzima wa kulia ulikuwa zambarau iliyoiva, kutoka kwapani hadi karibu na chuchu, damu imesambaa chini ya ngozi. Alipigana zaidi ya dakika ishirini. Watu walimsifu kwa ushujaa, na kweli ni shujaa. Lakini mimi nilizima sauti, nikabaki kutazama ule mkono unavyoning'inia. Yeye ni nyota, aliamua, atasubiriwa akipona. Yule kijana wa kupigwa dakika tatu kila wiki ili wakubwa waonekane wakali, akiumia bega atasema? Hatasema. Atafunga plasta, atameza dawa ya maumivu, atapanda. Anajua nafasi yake ina watu hamsini nyuma. Wachezaji wangu wa raga hufanya hivyohivyo wakiwa hawana mkataba wa maana. Wenye mkataba wa maana huja kwangu mapema.

Na kichwa. Mwanamieleka Chris Benoit, Juni 2007, aliua mkewe na mtoto wao wa miaka saba, kisha akajiua. Ubongo wake ulipopimwa ulikutwa umeharibika vibaya sana kwa kugongwa miaka na miaka. Sisemi kugongwa kichwa peke yake kunamfanya mtu muuaji, hakuna tabibu mwenye akili atasema hivyo. Nasema ubongo ule ulikuwa kazini, na hakuna aliyekuwa na wajibu wa kuuchunguza mapema. Mpimaji ni Daktari Bennet Omalu, Mnigeria. Aliyesukuma jambo lile ni Chris Nowinski, mwanamieleka wa WWE aliyestaafu mapema kwa sababu ya mitikisiko ya ubongo. Ilipofika 2010 ndipo kampuni ikapiga marufuku kiti kichwani. Wanamieleka wa zamani zaidi ya hamsini walikwenda mahakamani juu ya vichwa vyao. Kesi ilitupwa Connecticut mwaka 2018, na rufaa haikufua dafu.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Dada, nimekusoma mara mbili, na nakiri hoja ya kijana wa dakika tatu imenigusa. Lakini uwe mwadilifu: kampuni imebadilika. Mwanamieleka wao Eddie Guerrero alipofariki Novemba 2005, akiwa na miaka 38, wao wenyewe walianzisha mpango wa kupima dawa na moyo, Februari iliyofuata. Tangu 2007 wanalipia tiba ya uraibu kwa yeyote aliyewahi kusaini nao, hata kama aliondoka miaka ishirini iliyopita kwa matusi. Scott Hall, mwanamieleka wao wa zamani, walimlipia zaidi ya mara moja. Hakuna chama kilichowalazimisha. Sasa kama wanafanya bila kulazimishwa, chama cha nini?

Mtoa mada, Mombasa

Kaka, nikupe heshima yako, hayo ni mema na ni ya kweli. Lakini umeona mpangilio? Anakufa Eddie, unakuja mpango wa moyo. Inatokea habari ya Benoit, viti vinakatazwa miaka mitatu baadaye. Kila kanuni ina kaburi nyuma yake. Chama hufanya kazi kabla ya kaburi, hiyo ndiyo maana yake.

Mwanamieleka Owen Hart, tarehe 23 Mei 1999, Kansas City. Walitaka ashuke kutoka darini kwa kamba kama shujaa wa katuni. Kifungo kikafunguka, akaanguka mita kama 24, akapiga kona ya ulingo. Miaka 34, baba wa watoto wawili. Walimtoa kwa machela, na onyesho likaendelea. Wenzake walipanda ulingo uleule alioangukia, usiku uleule. Mimi nilikuwa kijana wakati huo, nilisoma habari ile gazetini siku kadhaa baadaye na sikuamini kwamba waliendelea. Sasa nimekua, nimefanya kazi ya jukwaani, naamini. Watu walipanda kwa sababu hakukuwa na mtu mmoja mle chumbani mwenye mamlaka ya kusema kwa niaba yao, "Leo hatupandi." Mjane wake, Martha, alipata dola milioni 18 baada ya kushtaki. Alilazimika kushtaki.

Mchangiaji, Goma

Bandugu, mie nitasema yetu. Niliishi Kinshasa miaka minne, na kule mieleka tunaita kachi. Siku ya pambano wanamieleka wanapita mtaani na bendi ya tarumbeta, nyuso wamepaka rangi, watoto wanakimbia nyuma yao kilomita nzima. Ulingoni kuna wenye kutumia nguvu, na kuna wenye kutumia dawa: anakunyooshea mkono, wewe unaanguka bila kuguswa, umati unapiga kelele mpaka masikio yanauma. Ni yetu, inapendeza, na hakuna Netflix.

Pale hakuna mkataba wa kurasa moja. Jirani yangu alikuwa mwanamieleka. Alivunjika mguu, mtaa mzima ukachangishana franga, akalazwa. Ndiyo bima aliyokuwa nayo, watu. Kwa hiyo nikisoma mnagombana kama watu wa mabilioni wawe waajiriwa au wasiwe, naona mnaongea juu ya paa wakati wengine bado hawana ukuta. Vijana wa Soft Ground Wrestling pale Mukono, Uganda, wanarukiana kwenye ulingo wa udongo na miti, video zao zinatazamwa dunia nzima. Nani anaulizia shingo zao?

Mtoa mada, Mombasa

Ndugu wa Goma, umesema kweli na sina la kujitetea. Niseme tu kwa nini nimeanzia kule juu: kila mtoto wa Mukono na wa Kinshasa anaiga kule. Anaiga mruko, anaiga kuingia na moshi, anaiga kumeza maumivu. Meneja wa hoteli yangu naye aliiga kutoka mahali. Mwenye mabilioni akiruhusiwa kusema "si watu wetu", mwenye maelfu atasema nini?

Mchangiaji, Muscat

Assalam aleikum jamaa. Mimi nipo Oman mwaka wa tisa. Nataka kuongeza upande mmoja mliousahau: safari za kwenda Saudia.

Mwaka 2018 WWE walifunga mkataba wa miaka 10 na serikali ya Saudia. Oktoba 2 mwaka huo mwandishi Jamal Khashoggi akauawa ndani ya ubalozi mdogo wa Saudia, Istanbul. Novemba 2, mwezi mmoja baadaye, onyesho lilikuwa Riyadh kama lilivyopangwa. John Cena hakwenda. Daniel Bryan hakwenda. Wote wawili ni majina makubwa, kampuni haiwezi kuwakosa. Wangapi wa chini walitamani kubaki nyumbani wakahesabu kodi ya nyumba wakapanda ndege? Mwaka uliofuata, ndege iliyowachukua baada ya onyesho la Oktoba 31 ilikwama, wengi wakakosa kipindi cha kesho yake kule Buffalo, na vijana wa NXT, daraja la chini la WWE, wakaingizwa kuziba mapengo. Kampuni ilisema ni hitilafu ya ndege. Sina sababu ya kubuni mengine. Ninachosema ni kwamba mtu akikwama ugenini namna ile anahitaji mtu wa kumsemea ambaye halipwi na aliyemsafirisha. Sisi tunaofanya kazi Ghuba tunalijua hilo hadi kwenye mifupa.

Sisemi wasije. Kaka zangu wawili walikuwa Jeddah Mei 2023 kumwona Sami Zayn, mwenye asili ya Syria, uwanja mzima ukiimba jina lake baada ya miaka mingi ya kutoonekana huku. Wananisimulia mpaka leo. Onyesho lao la Royal Rumble la Januari 2026 lilifanyika Riyadh, na WrestleMania ya 2027 imetangazwa itakuwa hapohapo. Nikijaaliwa nitakuwepo. Ila ningependa niwatazame watu waliokuja kwa hiari yao.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Sawa. Nimesukumwa kwenye kamba, lakini bado sijagonga mkono. Hebu mnijibu hili, na msilikwepe.

Chama hakizuiwi na kampuni peke yake. Kinazuiwa na wanamieleka wenyewe. Mwaka 1986, kabla ya WrestleMania ya pili, mwanamieleka Jesse Ventura alisimama chumbani akawaambia wenzake: wakati ni huu, matangazo yameshalipiwa, tukigoma leo lazima watusikilize. Habari zikamfikia Vince McMahon, mwenye kampuni, na Ventura amesimulia mara nyingi kwamba baadaye, kwenye kesi yake dhidi ya kampuni, iliwekwa wazi nani alipeleka. Hulk Hogan. Nyota namba moja. Hogan amefariki Julai 2025 na sipendi kumsema marehemu, lakini historia ni historia. Nyota anapata mara mia ya wengine, kwa nini ahatarishe? Mnataka kumpa haki mtu ambaye mwenzake aliye juu hataki awe nayo.

Mtoa mada, Mombasa

Hili halikwepeki, na ndilo lililonikosesha usingizi.

Lakini soma na upande wa pili. Mwaka 1964, mpira wa kikapu, ligi ya NBA, mechi ya nyota wote kule Boston. Kwa mara ya kwanza inarushwa na televisheni usiku, saa za watazamaji wengi. Wachezaji wakajifungia chumbani wakasema hawatoki mpaka wakubaliwe pensheni. Waliokuwa mle ndani ni Bill Russell, Jerry West, Oscar Robertson, Elgin Baylor. Hao ndio walikuwa na cha kupoteza kuliko wote, na walikaa. Mechi ilichelewa, ahadi ikatolewa, wakatoka wakacheza. Leo wachezaji wa ligi ile wanapata karibu nusu ya mapato yake. Hali ilikuwa ileile ya Ventura: televisheni imelipiwa, watu wamejaa, muda unakwenda. Tofauti ilikuwa ni nyota walisimama wapi.

Kwenye piramidi yetu ya sarakasi, mimi wa juu ndiye niliyepigiwa makofi. Wa chini, yule tuliyemkanyaga mabega, hakuna mtalii aliyemtazama usoni. Nilipovunjika, ni yeye aliyekwenda kwa meneja kunitetea, na ni yeye aliyeambiwa asirudi Ijumaa. Mimi sikusema kitu, nilikuwa na maumivu na nilikuwa na woga. Kundi lilitafuta mtu mwingine wa chini. Nimewahi kumwomba radhi, akacheka, akasema yamepita. Kwangu hayajapita. Kwa hiyo Hogan ninamwelewa zaidi ya ninavyopenda kumwelewa.

Nikirudi kwenye hoja: UFC, walio nyumba moja na WWE, mwaka 2025 mahakama imepitisha fidia ya dola milioni 375 kwa wapiganaji waliodai kwamba kampuni iliwabana kimalipo. Hawakuwa na chama. Walikuwa na kesi iliyochukua miaka kumi. Njia ipo, ila ni ndefu na nyembamba.

Nipunguze basi dai langu, tuone kama tutakutana. Acha chama kando. Acha pensheni. Bima ya afya tu, kwa kila aliyesaini, na familia yake, kwa muda wote wa mkataba na miaka michache baada yake. Hilo nalo unalipinga?

Mchangiaji, Dar es Salaam

Bima napitisha. Nimefikiri usiku kucha na sioni hoja ya kuipinga mbele ya bilioni 5. Kwenye chama bado nasimama niliposimama, nadhani kitawabana vijana wanaotaka kuhama kampuni, na hakuna mliyenijibu hilo sawasawa.

Mchangiaji, Nairobi

Nitakujibu kesho nikitoka kazini, usidhani umepona.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Nakusubiri, dada. Mtoa mada, nilitaka kukuuliza tangu mwanzo. Mkono wenyewe ulipona?

Mtoa mada, Mombasa

Uliunga umepinda kidogo, kwa sababu nilichelewa siku nne kupigwa plasta, tukichanga pesa. Nashika usukani, nabeba mtungi wa gesi. Kusimama kwa mikono siwezi. Kijana ameomba nimfundishe, basi namfundisha kwa maneno, mimi nimekaa kwenye kiti, yeye miguu ukutani.

Ndugu wa Goma, yule jirani yako wa Kinshasa alirudi ulingoni?

Mchangiaji, Goma

Alirudi, baada ya miezi mitano. Anachechemea, na sasa wanamtumia kama mchawi mzee. Ananyoosha mkono tu, wengine ndio wanaanguka.